Sebule ya Wifi Yangu

Mtu asinidanganye kwamba sebule ile ilikuwa nzuri. Macho ninayo, namshukuru Mungu, na nilichokiona ni kochi la mahameli ya kijani lenye kiraka cha zambarau, zulia jekundu, pazia la njano, na kabati la kahawia lililopauka ubavu mmoja. Rangi zilikuwa zinapigana ngumi humo ndani. Kila kitu mtumba. Kila kitu kimetoka kwa mtu aliyekufa, aliyehama au aliyefilisika. Na kwa makorokoro hayo wifi yangu alitaka kuninyang'anya mama mkwe.

Haya, chekeni. Najua wapo wanawake wanaokesha wakiomba mama mkwe arudi alikotoka. Mimi nilitaka abaki, na mtu aliyekuja kumchukua nilimchukia, sitafuni maneno.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea nyumbani, barazani: sare za shule, mashuka, wakati mwingine gauni la harusi la mtu mwenye haraka. Mume wangu ni fundi umeme, anatoka jua halijachomoza. Kwa hiyo mchana kutwa tulikuwa wawili, mimi na mama yake. Presha ya macho ilimzimia taa polepole, jicho moja kwanza, kisha la pili. Akaja kwetu akiwa bado anaona vivuli, na vivuli navyo vikaondoka. Kiti chake kilikuwa karibu na mashine yangu, na tangu asubuhi mpaka jioni kazi yetu ilikuwa moja, kutukanana.

"Cherehani," ndivyo alivyoniita, jina langu hajawahi kulitamka tangu niolewe, "leo mashine inakoroma. Umeitia mafuta au umeitia uji?"

"Nimeitia uji. Ule uliobakiza asubuhi."

"Basi itakufa. Uji ule hata mimi umeniacha hoi."

"Kufa basi tupumzike."

"Nife nikuachie mwanangu umlishe uji huo? Sifi ng'o."

Wateja walikuwa wanakawia makusudi ili wasikie. Majirani walinipa pole. "Mama, una mtihani na huyo bibi," wananiambia wakinishika bega, na mimi naitikia asante, kwa sababu ningewaelezaje? Ningewaambia kwamba nikimaliza mshono nampa aupapase, na akisema hapa umepinda, kweli umepinda? Ningewaambia kwamba mama yangu mzazi alikuwa mpole, hakuwahi kunigombeza wala kunitania, na alikufa bila mimi kujua alikuwa anafikiria nini? Huyu nilijua anafikiria nini kila dakika. Aliniambia, nisipotaka pia.

Sasa wifi. Wifi yangu ni mpishi wa shule, mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka. Alikuwa hajasema na mama yake miaka mingi. Kisa chenyewe ni aibu kukisimulia: alimpenda mwanamume, mama akamkataza, akaolewa naye hivyo hivyo, na yule bwana alipomwacha, mama akamwambia neno moja: "Nilikuambia." Ni hilo tu. Akafunga mlango, hakurudi. Misiba ilipita, harusi zikapita, yeye anatuma salamu kwa kaka yake kama mtu aliye ng'ambo, wakati anakaa mtaa wa pili.

Mwaka huu akaibuka. Alisikia kwamba macho ya mama yamezimika kabisa. Alisimama barazani kwangu na mfuko wa machungwa, akasema shikamoo.

"Marahaba," mama mkwe akajibu. "Umekonda."

"Umejuaje, na huoni?"

"Sauti yako imekonda."

Wifi akalia pale pale. Mimi nikakanyaga mashine kwa nguvu zote nisisikie. Nilikuwa sina kitambaa chini ya sindano, lakini nilikanyaga.

Hayakupita majuma mengi akasema anataka kumchukua. Hakuniambia mimi, alimwambia mume wangu, na mume wangu ni mtu ambaye hata inzi humwomba radhi kabla ya kumfukuza. "Ni mama yake pia," akaniambia. Nikamwambia, "Miaka yote hiyo alikuwa mama wa nani?" Akakuna kichwa. Tulivyovutana sana akaitwa mjomba, mdogo wake mama mkwe, karani wa mahakama aliyestaafu ambaye bado anakaa kila mahali kama yuko kortini.

Mjomba alisikiliza pande zote, akakohoa, akatoa hukumu yake. Wifi anatoka kwenda kazini alfajiri na kurudi alasiri. Asubuhi nzima mama atakuwa peke yake, na asiyeona haachwi kwenye nyumba asiyoijua. "Kwa hiyo andaa sebule yako," akamwambia. "Siku nitakayokuja, dada yangu ataingia mlangoni peke yake, atatembea mpaka kwenye kiti chake, atakaa. Asishikwe mkono. Asiambiwe neno, hata moja. Akifika, anahamia kwako. Akijikwaa, au mtu akifungua mdomo, anabaki kwa mwanawe, na sitaki kusikia kesi hii tena mpaka naingia kaburini."

Nilifurahi nusura nimkumbatie. Sebule ya wifi wakati huo ilikuwa na ndoo, fagio na kigoda. Mshahara wa mpishi wa shule tunaujua. Atanunua nini? Atamkalisha mama wapi, juu ya ndoo?

Siku chache baadaye nilikwenda kununua vifungo, na wanakouza vifungo ni ubavuni mwa uwanja wa samani za mtumba. Nikamwona. Alikuwa amepiga magoti katikati ya meza na vitanda vya watu, kichwa chini ya meza, anapapasa miguu yake mmoja mmoja. Muuzaji, jamaa mmoja mnene mwenye kalamu sikioni, alikuwa amejishika kiuno.

"Mtaka cha mvunguni huinama," anasema, "lakini wewe dada umezidi. Unanunua meza au unaizaa?"

"Kuna msumari umetokeza hapa," wifi akajibu kutoka huko chini.

"Nani atauona huko?"

"Hakuna atakayeuona. Ugonge."

Akatoka akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kisha akafanya kioja. Akafumba macho, akaanza kutembea kati ya viti akivishika, kama mtu anayetafuta mtoto wake gizani. Muuzaji akamsogezea kiti kizuri, cheupe, chenye nakshi za kung'aa. Akakipapasa, akakisukuma. "Kina ncha." Akachukua kingine kilichopakwa rangi ya bluu, rangi yenyewe imebanduka, mikono mipana iliyolainika kwa kukaliwa na watu. Akakaa, akasimama, akakaa tena, macho amefumba. Watu walikuwa wanampita wakicheka. Nikafikiri: amechanganyikiwa, na huyu ndiye wanayetaka kumpa mama.

Halafu akaenda kwenye lundo la milango na madirisha ya nyumba zilizobomolewa, akatoa ubao mrefu, mwembamba, uliong'arishwa na mikono ya watu. Mkono wa ngazi, ule wa kushika ukipanda ghorofani. Hapo uvumilivu ukaniishia.

"Wifi!" nikaita. "Ngazi yenyewe iko wapi?"

Akageuka. Uso wake ukafunga kama duka. "Ngazi haikuhusu."

"Nyumba ya chini, mkono wa ngazi! Unapanda kwenda wapi, peponi?"

"Ningekuwa naenda peponi, wewe nisingekukuta njiani."

"Mama hakai kwenye jalala, nakwambia mapema. Kwangu ana kiti kipya cha dukani."

"Kiti cha dukani," akarudia, akatikisa kichwa. "Na vifungo hivyo vya nani? Nenda kashone, wifi. Hivyo ndivyo unavyovijua."

Nilitaka kumrushia vile vifungo. Nikakumbuka nimevilipia. Nikarudi nyumbani nikamsimulia mama mkwe yote, na chumvi nikaongeza, ile ya kichwa chini ya meza nikaifanya kichwa kimekwama mpaka muuzaji akamvuta miguu. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Kiti cha bluu kina mikono mipana?" akaniuliza.

"Mipana kama ya kiti cha daktari wa meno. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Ningeshtuka siku ile ningejua. Lakini nilikuja kujua kwa pua. Mume wangu alikuwa na tabia mpya ya kumtembeza mama jioni, eti kupunga upepo, na jioni moja waliporudi nikamsogelea mama mkwe kumvua viatu nikasikia harufu ya vitunguu vya kukaanga, ile inayokaa kwenye nguo za mpishi.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwani umeanza kazi ya polisi?"

"Unanuka vitunguu."

"Basi nilikuwa kwenye vitunguu."

"Ulikuwa kwake. Unakwenda kujifunza njia ya sebule yake. Kila jioni unakwenda kujifunza, mimi nakaa hapa kama zuzu, nakupashia maji ya kuoga."

Mume wangu akajifanya ana simu, akatoka nje. Mama mkwe akakaa, mikono magotini.

"Kwangu umekosa nini?" nikamuuliza. "Sema. Umelala njaa? Umelala na nguo chafu? Nimekuchana nywele, nimekukata kucha, nimekushika mkono mpaka mlangoni pa choo. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea."

"Basi unaondokea nini?"

"Yule ni mtoto wangu, Cherehani. Nilisema neno moja nikampoteza. Amerudi mwenyewe, kwa miguu yake. Nikimkatalia, harudi tena mpaka siku ya kunizika."

"Na mimi?"

Vidole vyake vikakunja na kukunjua upindo wa kanga.

"Wewe ni mke wa mwanangu," akasema.

Afadhali angenizaba kibao. Nilikwenda kwenye mashine, nikashona shati zima, mkono wa kulia nikauweka bega la kushoto, na wa kushoto bega la kulia. Kesho yake nikafumua yote.

Tangu hapo tukaanza kusemezana kwa adabu. Asante, mama. Karibu, mwanangu. Umeshiba, mama? Nimeshiba, mwanangu, Mungu akubariki. Nyumba ikawa kama chumba cha wagonjwa. Wateja wakawa wanachukua nguo zao na kuondoka. Jirani mmoja akanipongeza kwamba bibi ametulia, na nikamwambia ashughulike na kwake.

Ikafika siku ya mjomba.

Tuliingia sebuleni kwa wifi mimi, mume wangu na mjomba, mama mkwe akaachwa kwenye benchi la nje mpaka aitwe. Rangi nimeshawaeleza. Ongezeni mkanda wa mbao ukutani: ule mkono wa ngazi ulikuwa umepigiliwa kuanzia mlangoni, ukafuata ukuta, ukakunja kona, ukaishia karibu na kiti cha bluu. Saa kubwa ya ukutani, kuukuu, ilikuwa inagonga kwa kelele upande wa jikoni. Mlango wa jikoni ulikuwa na pazia la shanga za mbao, nusu yake zimepotea. Nikamnong'oneza mume wangu, "Dada yako amefungua makumbusho." Akaniambia, "Tafadhali." Maskini, alikuwa anatoka jasho.

Wifi alikuwa amevaa gauni lililopigwa pasi mpaka likasimama. "Karibu mjomba, karibu," anasema, anazunguka. Mjomba akaangaza atakaa wapi. Kochi lilikuwa chini mno kwa magoti yake. Basi wifi akafanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa vizuri angefanya: akakivuta kiti cha bluu kutoka kwenye kona yake, akakipeleka dirishani penye hewa, akakifuta kwa kiganja. "Kaa hapa, mjomba. Hapa pana upepo." Mjomba akakaa, akatanua miguu. Mimi niliona, na sikuwaza lolote. Mgeni mkubwa hupewa kiti kizuri.

Nikakaa kwenye kochi la mahameli, kati ya dirisha na kona ile iliyobaki tupu. Nilikaa kwa ncha ya tako, kama mtu anayeogopa kunguni. Rangi zikaniuma macho, nikayafumba kidogo. Na mkono wangu, mimi mwenyewe sikuutuma, ukaanza kupapasa kile kitambaa. Mimi nashika vitambaa kila siku ya maisha yangu. Kitambaa kile kilikuwa laini mno. Kile kiraka cha zambarau nilichokicheka kilikuwa cha mahameli ile ile, unene ule ule, vinyweleo vya kitambaa vimelala upande ule ule. Aliyekichagua hakuangalia rangi. Alitafuta kinachofanana mkononi.

Nikafumbua macho, nikatazama upya. Mlangoni mkeka mgumu wa katani, wa kukwambia umeingia. Kisha zulia zito, laini, unalikanyaga ukijua uko katikati. Meza yenye ukingo wa nakshi, hakuna kona kali. Saa ya kelele kukuonyesha jikoni kuliko. Shanga za kukuambia nani kapita. Na mkono wa ngazi ukutani, unaotoka mlangoni mpaka kwenye kiti. Hakuna kitu humo ndani kilichochaguliwa kwa macho.

Nilimchukia zaidi. Nasema kweli, nilimchukia kuliko siku zote, kwa sababu alikuwa amewaza jambo ambalo mimi sikuliwaza. Kwangu mama mkwe alishikwa mkono kwenda kila mahali. Nilidhani hayo ndiyo mapenzi, kumshika mtu mkono.

"Tuanze," mjomba akasema. Akanyanyuka, akaenda kusimama karibu na mlango ili aone vizuri, mikono nyuma. "Sheria mnaijua. Asiguswe. Asiambiwe neno."

Wifi akamleta mama mpaka kizingitini, akamwachia. Mume wangu akasimama nyuma yao. Wote wakamkodolea macho yeye, hakuna aliyetazama kwingine.

Mama mkwe akaweka mguu kwenye katani. Akanyoosha mkono, ukaupata ule ubao kana kwamba ulikuwa unamsubiri. Akaanza. Hakupapasa wala hakusitasita, alitembea. Miaka yote niliyokuwa naye sijawahi kumwona akitembea hivyo, shingo imenyooka, kidevu juu. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayekwenda kwake. Akafika zuliani. Akakunja kona.

Hapo ndipo nikaona. Kiti hakikuwepo. Kiti kilikuwa dirishani, pale alipokiacha mjomba, na mama mkwe anakwenda kukaa hewani.

Nikamtazama wifi. Alikuwa ameziba mdomo kwa furaha, machozi yanamtoka, haoni kitu. Nikamtazama mume wangu. Anatazama miguu ya mama yake. Mjomba anatazama mkono usije ukaachia ukuta. Ni mimi peke yangu niliyeona.

Na sikuwa na haja ya kumwacha aanguke, msinifikirie hivyo. Ilitosha niseme neno. "Mama, simama." Maneno mawili, tena ya huruma, na hakuna ambaye angenilaumu hata leo. Sheria ingekuwa imevunjwa, kesi imekwisha, na jioni ile angekuwa barazani kwangu akinitukana. Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika ulimini.

Lakini ule uso. Yule mwanamke alikuwa anatabasamu. Alikuwa amefika mwisho wa ubao, ameanza kugeuka, mkono mmoja nyuma kutafuta kiti, na alikuwa anatabasamu kama msichana aliyeshinda mbio, na mimi ningelizima tabasamu lile kwa mdomo wangu.

Nikanyoosha mguu. Kiti kilikuwa mbali kidogo, nikateleza kutoka kwenye kochi mpaka nikabaki nimening'inia, nikakinasa kwa kisigino, nikakivuta, kikaja nusu njia, nikakipiga teke la pili. Miguu yake ikakwaruza sakafu, krrr. Mama mkwe akakaa. Kiti kilikuwa bado kinatikisika alipokaa, na mimi nilikuwa chini sakafuni kama gunia.

Mjomba akapiga makofi. "Imekwisha!" akasema. "Dada yangu, umeshinda kesi!" Kisha akaniona. "Na wewe umefanyaje huko chini?"

"Kochi linateleza," nikamwambia. "Mitumba."

Wakacheka. Mume wangu akaja kumkumbatia mama yake. Wifi hakuja. Alikuwa amebaki mlangoni, mkono ungali mdomoni, anatazama mistari miwili mipya kwenye sakafu kutoka dirishani mpaka kwenye kiti. Rangi ilimtoka usoni. Akanitazama, nikamtazama.

Walipoanza kugawana soda nikaenda jikoni kuosha mikono. Zile shanga zikalia nyuma yangu, nikajua ni nani.

"Nimekuona," wifi akasema.

"Umeona nini?"

"Usidhani nitakupenda kwa hilo."

"Upendo wako nikauweke wapi? Kwenye kabati lililopauka?"

Akasimama, anavikunja vidole vyake virefu. Kwa mara ya kwanza nikaona anaogopa. "Maji ya kuoga," akasema, kama mtu anayetapika neno. "Anapenda ya moto au ya vuguvugu?"

"Muulize. Mdomo anao."

"Wifi."

"Vuguvugu," nikasema. "Na usimkate kucha akiwa na njaa, atakung'ata. Na akikutukana mjibu. Ukinyamaza anadhani umemchukia. Ukimwambia asante mama, karibu mama, utamuua."

Hakunishukuru, wala sikumsubiri anishukuru. Nikatoka kwenda kuaga.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake cha bluu, mikono imelala juu ya ile mikono mipana. Nikainama. Akanishika kifundo cha mkono, akanivuta mpaka sikio langu likawa mdomoni kwake.

"Kiti kimelia," akasema polepole.

"Kiti hakina mdomo."

"Nimekisikia kikija. Ni wewe. Mwanangu hana akili ya haraka hivyo, na mdogo wangu tumbo lisingemruhusu."

"Hujui unachosema. Umezeeka."

"Ungenyamaza tu, Cherehani. Au ungesema neno. Ningekuwa kwako jioni hii."

"Kwangu ungekuja kufanya nini? Nina kazi. Nina mashati ya watu."

"Mwongo wewe."

"Mwongo mwenyewe. Kupunga upepo, eti."

Alicheka bila sauti, nikasikia pumzi yake shavuni, lakini mkono hakuuachia. Aliushika mpaka ukaniuma, na vidole vyake vikapapasa kidole changu cha shahada, pale sindano ilipokwisha kupatoboa mara nyingi pakawa pagumu. Halafu akaniachia ghafla, akageuza uso upande wa dirisha. "Haya, nenda," akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Umenichosha miaka yote, niache nipumzike kwa mwanangu."

Watu wakacheka tena. Mjomba akanipigapiga bega. "Na wewe pia pumzika, mke wetu," akaniambia. "Umebeba mzigo muda mrefu. Leo umeutua."

Nikamwambia asante, mjomba. Nini tena ningesema?

Tukatoka, mimi na mume wangu. Barabarani jirani aliyekuwa anaanua nguo akauliza imekuwaje, mume wangu akamwambia, na yule mama akainua mikono akamshukuru Mungu kwa niaba yangu. Tukaendelea. Mume wangu alikuwa anatembea mwepesi, mtu aliyeona dada yake na mama yake wakipatana.

"Mama alikuwa anakunong'oneza nini?" akaniuliza.

"Alikuwa ananitukana."

"Pole." Akanishika kiganja, akakiminya, kwa mapenzi kabisa, nampa haki yake. "Vumilia, ndiyo yamekwisha. Angalau sasa utapumzika."

Nikaung'oa mkono wangu, nikatangulia mbele peke yangu kwa mwendo wa haraka. Nyuma ananiita, anauliza nimekosa nini, nimesema nini, na sikugeuka, kwa sababu ningefungua mdomo pale barabarani mbele za watu ningemwambia kwamba aliyemwacha kule ni mama yangu.